Siku saba nikiifuata hewa ukaa ya chini ya miamba

Siku ya kwanza: Green River, Utah

Tumefika Crystal Geyser saa nne asubuhi. Ardhi yote ya kando ya mto ina rangi ya chungwa, vidaraja juu ya vidaraja, mithili ya ngazi zilizomwagiwa kutu. Na kweli ni kutu: chuma kilichopanda na maji kutoka chini kikakutana na hewa. Katikati limesimama bomba nene la chuma, na ukilisogelea unasikia mngurumo ndani yake.

Bomba hilo ni mabaki ya kisima. Kati ya 1935 na 1936 watu walichimba hapa wakitafuta mafuta, wakashuka karibu meta 800. Walichokutana nacho ni maji yaliyoshiba hewa ukaa, na tangu siku hizo kisima kinatapika chenyewe, kwa nyakati zisizotabirika. Tumekaa zaidi ya saa mbili kabla hakijaanza. Kwanza viputo vichache, kisha maji yakatokota hadi ukingoni, kisha yakaruka. Nimekinga mkono: ni ya baridi. Wengi tukiona maji yanaruka kutoka ardhini tunawaza moto wa volkano, lakini hapa hakuna moto. Maji ya kina kirefu yamebanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, na kwa kubanwa huko yanaweza kuficha gesi nyingi. Yakipanda kidogo, mbano unalegea na viputo vinazaliwa. Viputo vinaifanya safu nzima kuwa nyepesi, na wepesi huo unalegeza mbano zaidi kule chini. Baada ya hapo hakuna cha kuizuia.

Nimekuja na mwalimu wangu wa zamani wa kemia ya gesi, aliyestaafu lakini hajaacha kuuliza maswali. Swali la safari hii ni moja: gesi hii ilizaliwa wapi? Kabla ya kuondoka nilidhani jibu ni la sentensi moja. Mwalimu amelimwaga swali mezani, au tuseme kwenye mwamba tuliokalia.

Hewa ukaa inayokutwa ndani ya mabonde ya mashapo ina wazazi wengi wanaowezekana. Wa kwanza ni mantili, lile tabaka nene la miamba chini ya ganda la dunia: magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, ikipanda kutoka huko hubeba kaboni. Wa pili ni mawe ya chokaa yaliyopashwa joto sana, ama kwa kuguswa na magma, ama kwa kuzikwa kina kirefu. Chokaa ikiwa na mchanga wa silika ndani yake huvunjika na kuachia gesi kwa urahisi zaidi kuliko ikiwa peke yake. Wa tatu ni mabaki ya viumbe yaliyozikwa pamoja na tope. Yanapopikwa polepole, hewa ukaa hutoka mapema, kabla mafuta hayajaiva. Wa nne ni vijidudu vinavyokula mafuta yaliyokwisha kukusanyika. Wa tano ni mafuta au gesi asilia inapokutana na madini ya salfeti kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100. Huyu hutambulika haraka kwa sababu huacha nyuma gesi yenye harufu ya mayai viza. Na wa sita, ambaye mimi nilikuwa nikimsahau kila mara, ni udongo wa mfinyanzi na madini ya kabonati yanayobadilishana kemia taratibu kwenye joto la kati ya nyuzi 100 na 200, bila magma yoyote kuhusika.

"Sasa mwanangu," Mwalimu akaniuliza, "huyu mtoto wa leo anafanana na nani?"

Nikajibu kwa namba niliyokuwa naijua. Kaboni ina atomu nyepesi, ya 12, na nzito kidogo, ya 13. Maabara hupima uwiano wa hizo mbili na kuandika tofauti kwa sehemu za elfu: chokaa ya baharini iko karibu na sifuri, mabaki ya mimea karibu na hasi 25, na kaboni ya mantili karibu na hasi 5. Gesi ya Crystal Geyser iko karibu na hasi 6.5. Nikasema: mantili.

Mwalimu akachukua kijiti akaandika kwenye mchanga. Gesi ya chokaa sehemu tatu, gesi ya mabaki ya viumbe sehemu moja, changanya. Jibu likawa hasi sita na robo. Yaani watoto wa wazazi wawili tofauti kabisa wakichanganyika wanapata sura ile ile ya mtoto wa mantili. Miaka yote nimeitazama namba hiyo kama cheti cha kuzaliwa, kumbe si cheti.

Siku ya pili: kwenye ufa wa Little Grand Wash

Leo tumetembea kwa miguu. Crystal Geyser imekaa juu ya ufa mrefu wa miamba unaoelekea mashariki na magharibi, unaoitwa Little Grand Wash, na ukiufuata unakuta jambo ambalo kisima cha 1935 hakiwezi kulieleza: mabamba ya travatini ya zamani yamekaa juu ya vilima, juu sana kuliko chemchemi za leo. Travatini ni chokaa inayoachwa na maji yenye hewa ukaa yanapofika juu na gesi kutoroka. Mabamba haya yaliwekwa wakati bonde bado halijachimbwa na mmomonyoko hadi kina cha sasa. Yamepimwa umri, na ya zamani kabisa yana zaidi ya miaka 100,000. Kwa hiyo ufa huu umekuwa ukivuja muda wote huo, ukibadilisha mahali pa kutokea kila njia moja inapozibwa na chokaa yake yenyewe. Waliochimba kisima walitoboa tu paa la nyumba iliyokuwa ikivuja tayari.

Kusini zaidi, upande wa Salt Wash, mawe mekundu ya mchanga ya Entrada yamepauka. Wekundu ule ni chuma kilichoganda kwenye chembe za mchanga. Majimaji yaliyopita yakakiyeyusha na kukihamisha, yakaacha michirizi ya rangi ya maziwa katikati ya wekundu. Nimekaa mbele ya ukuta mmoja nikifuata mpaka wa rangi kwa kidole. Sijawahi kuona njia ya majimaji ya chini ya ardhi ikiwa wazi hivyo. Kwa kawaida tunaichora kwa kukisia.

Jioni Mwalimu ameniletea shahidi mwingine badala ya kaboni: heliamu. Heliamu haifungamani na kitu chochote, haioti kutu, hailiwi na kijidudu. Inasafiri na hewa ukaa lakini haibadiliki njiani. Nayo ni ya aina mbili. Heliamu 4 huzaliwa kila siku ndani ya miamba, atomu za yureniamu na thoriamu, ambazo zina mionzi, zinapovunjika zenyewe. Heliamu 3 kwa sehemu kubwa haizaliwi upya. Iliyoko ndani ya dunia ni ile iliyonaswa dunia ilipokuwa inaundwa, na ghala lake ni mantili. Uwiano wa 3 kwa 4 hupimwa kwa kulinganisha na hewa tunayovuta: hewa ni 1, gesi ya mantili chini ya safu za milima za sakafu ya bahari ni 8 hivi, na gesi ya ganda kuukuu ni karibu 0.02.

Crystal Geyser ni karibu 0.3.

Kuna chembe ya mantili, ndiyo, lakini ndogo. Watafiti waliopima heliamu hapa wamehitimisha kwamba hewa ukaa ya Green River kwa sehemu kubwa imetoka ndani ya ganda lenyewe, pengine kwenye miamba ya kina kirefu ya bonde la Paradox, ambako chokaa, udongo wa mfinyanzi na joto vyote vipo mahali pamoja. Nimelala na fundo moyoni. Nilikuja nikitaka mantili.

Siku ya tatu: kupitia Moab

Siku ya barabara. Cha kuandika ni chumvi tu. Bonde la Paradox lilikuwa mkono wa bahari miaka kama milioni 300 iliyopita. Bahari ikawa inaingia, inakauka, inaingia tena, ikaacha matabaka mazito ya chumvi. Chumvi chini ya uzito hutambaa kama uji mzito, na karibu na Moab imeinua na kupasua miamba iliyo juu yake. Nyufa za aina hiyo ndizo njia za gesi. Lakini mahali chumvi haijapasuka hakuna kifuniko bora kuliko yenyewe, kwa sababu ufa ukitokea inajifunga. Upande wa mashariki tuliiona milima ya La Sal, ambayo ni magma iliyoganda chini ya ardhi miaka milioni 28 hivi iliyopita kisha ikafunuliwa na mmomonyoko.

Siku ya nne: McElmo

Korongo la McElmo liko magharibi mwa mji wa Cortez, Colorado, na kusini yake amelala Sleeping Ute, mlima unaofanana na mtu aliyelala chali. Nao ni magma iliyojipenyeza kati ya matabaka bila kufika juu. Chini yetu, kwenye kina cha kama kilometa mbili, mna mwamba wa chokaa uitwao Leadville, wenye zaidi ya miaka milioni 320, na ndani ya vinyweleo vyake mna hewa ukaa ya asilimia 98 hivi. Juu ya mwamba huo imelala ile chumvi ya Paradox, safari hii ikiwa nzima. Gesi hii inavutwa kwa visima na kupelekwa kwa bomba la yapata kilometa 800 hadi Denver City, Texas, ambako husukumwa kwenye visima vya mafuta vilivyozeeka ili mafuta yaliyobaki yalegee.

Macho yakiwa juu hayaoni chochote. Ukuta mwekundu wa korongo, vichaka, na mara moja moja kichwa cha kisima ndani ya uzio. Nimejaribu kuwaza kina kile. Kwenye joto na mbano wa huko hewa ukaa si gesi kama tunavyoijua wala si maji; ikishapita nyuzi 31 na mbano wa mara 73 wa hewa ya kawaida, inakuwa nzito karibu kama kimiminika lakini inapenya kama gesi. Kwa kawaida hali hiyo huanza kwenye kina cha meta 800 hivi.

Nikafungua majedwali ya heliamu ya McElmo. Uwiano ni chini ya 0.2. Mdogo kuliko wa Green River!

"Basi Mwalimu, hii nayo ni ya ganda."

"Umeharakisha. Gesi hii ina umri gani?"

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yote. Magma iliyo karibu na McElmo iliingia kati ya miaka milioni 70 na 42 iliyopita. Tuseme gesi iliingia na magma hiyo ikiwa na uwiano wa mantili. Tangu siku ile yureniamu na thoriamu za miamba hazijapumzika. Kila mwaka zimeongeza heliamu 4 kidogo. Baada ya makumi ya mamilioni ya miaka uwiano unashuka, si kwa sababu heliamu 3 imepungua, bali kwa sababu heliamu 4 imemwagika juu yake, kama bakuli la rangi lililoongezwa maji hadi likapoteza ukali. Ukitazama rangi peke yake utasema hapakuwa na rangi.

Dawa ni kuiacha heliamu 4 kabisa na kuuliza: kwa kila atomu moja ya heliamu 3, kuna molekuli ngapi za hewa ukaa? Gesi ya mantili hutoa kati ya bilioni 1 na bilioni 10. Chokaa au mabaki ya viumbe yakiongeza hewa ukaa yao hayaleti heliamu 3, kwa hiyo hesabu inapanda juu ya bilioni 10. Na ikiwa sehemu ya hewa ukaa imeyeyukia kwenye maji ya chini ya ardhi, heliamu haiyeyuki kirahisi kiasi hicho, kwa hiyo hesabu inashuka. Kipimo kimoja kinajibu maswali mawili: nani aliongeza, na nani alipunguza.

Mwaka 2008 Stuart Gilfillan na wenzake walichapisha vipimo vya namna hii kutoka maghala matano ya ukanda huu: McElmo, St Johns ya Arizona, Bravo Dome ya New Mexico, Sheep Mountain na McCallum za Colorado. Yote matano yalionyesha kwamba mzazi mkuu ni magma. McElmo pia, pamoja na uwiano wake mdogo ule.

Nimerudi ukurasa wa Green River na kuongeza mstari: uwiano wa heliamu peke yake hautoshi kuhukumu. Kinachoibeba hoja ya ganda kule ni mashahidi kadhaa kuelekea upande mmoja, maji yaliyopita kwenye chumvi ya Paradox, miamba iliyo tayari kutoa gesi kwa joto lake la kawaida, na heliamu yao. Nimeona ni haki kuandika hivyo. Nilikuwa nimeipokea hukumu ya juzi kwa huzuni tu, bila kuipima.

Siku ya tano: kuvuka milima ya Rocky hadi Huerfano, Colorado

Tumeendesha siku nzima, tumepita Pagosa Springs, ambako maji ya moto hububujika, tumepanda hadi zaidi ya meta 3,300 na kushuka upande wa pili. Jioni tumeiona Sheep Mountain. Mlima wenyewe ni magma iliyoganda, na gesi iko chini yake kwenye mawe ya mchanga ya Dakota na Entrada. Yaani mtuhumiwa amelala juu ya ushahidi. Mwaka 1982 kisima kimoja hapa kililipuka wakati wa kuchimbwa na gesi ikatoka bila kudhibitika. Hewa ukaa ikitanuka ghafla hupoa vikali hadi kuwa barafu kavu. Nachukua hilo kwa uzito. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu.

Siku ya sita: Capulin

Volkano, hatimaye, yenye umbo la volkano. Capulin iko kaskazini-mashariki mwa New Mexico, kichuguu kikubwa cha majivu na kokoto nyeusi, chenye umri wa miaka 60,000 hivi. Tumezunguka ukingo wa shimo lake kwa miguu. Kila upande kuna vilima vingine vya aina hiyo na meza za lava zilizozeeka. Uwanja huu wa volkano ulianza zaidi ya miaka milioni 8 iliyopita.

Nimemuuliza Mwalimu kwa nini tusione gesi ikitoka hapa juu, kama magma ndiyo mama. Jibu lake limenikaa. Ndani ya magma, hewa ukaa ndiyo ya kwanza kuaga. Inayeyuka vibaya kuliko mvuke wa maji, kwa hiyo magma ikiwa bado kilometa nyingi chini, mbano ukipungua kidogo tu, hewa ukaa inajitenga na kushika njia yake. Kinachofika juu na kumwagika kama lava kimeshapoteza sehemu kubwa ya hewa ukaa yake. Na magma nyingi haifiki kabisa. Inagandia chini, lakini gesi yake inaendelea kupanda hadi ikutane na mwamba wenye vinyweleo wenye kifuniko juu yake. Ndiyo maana ghala la gesi halihitaji kuwa chini ya volkano. Huenda likawa kando, na huenda pasiwe na volkano juu hata moja.

Tangu hapo nimeacha kuvitazama vilima hivi kama chanzo. Ni moshi wa jikoni. Chungu kiko chini.

Siku ya saba: Bravo Dome

Nyanda za nyasi hadi upeo wa macho. Mwaka 1916 watu waliokuwa wakitafuta mafuta walitoboa hapa na kukuta hewa ukaa, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa ikivunwa kutengenezea barafu kavu. Imo kwenye mchanga wa Tubb, wenye umri wa kipindi cha Permi, uliolala moja kwa moja juu ya itale ya kale. Kifuniko chake ni tabaka la anihidraiti, madini jamaa ya jasi. Kina ni kidogo, kati ya meta 600 na 900. Gesi ni karibu hewa ukaa tupu, asilimia 99. Chini ya mchanga huo ni itale, haina chokaa ya kupika wala mabaki ya viumbe. Hilo tu lingetosha kumfanya mtu ashuku mantili.

Lakini leo tulikuwa na ramani ya heliamu, na sisi tuliamua kuiendesha kwa gari. Tulianzia mashariki mwa ghala, ambako uwiano ni karibu 0.8, tukaelekea magharibi. Kila tulipokaribia eneo la kisima kilichopimwa nilisoma namba kwa sauti. Ikawa 1 na kitu. Ikawa 2. Barabara ya vumbi, uzio, ng'ombe mmoja mmoja, na namba inapanda. Upande wa magharibi inapita 4, yaani nusu ya mantili yenyewe, ndani ya mashapo katikati ya bara.

Maana yake ni kwamba gesi iliingilia upande huu. Ilipokuwa ikisambaa kuelekea mashariki ilikuta maji ya kale kwenye vinyweleo, maji yaliyokusanya heliamu 4 ya miamba kwa muda mrefu, ikaichukua hiyo heliamu, na uwiano ukafifia kadiri ilivyokwenda mbali. Mwaka 2014 Kiran Sathaye na wenzake walikadiria kwamba gesi iliingia kati ya miaka milioni 1.2 na 1.5 iliyopita, na kwamba tangu hapo asilimia kama 22 yake imeyeyukia kwenye maji. Zilizobaki zipo. Capulin ilipolipuka, gesi hii ilikuwa imeshakaa chini ya hizi nyasi kwa zaidi ya miaka milioni moja.

Nimeisoma hesabu hiyo mara tatu. Nilikuwa nikiifikiria gesi kama kitu kinachotoroka, kwa sababu safari yangu ilianzia kwenye ufa unaovuja. Hapa mwamba wa mchanga na tabaka jembamba la anihidraiti vimeishika muda unaozidi umri wa spishi yetu.

Saa kumi na moja jioni Mwalimu alisimamisha gari pale ramani yetu inapoishia. Hapakuwa na kilima, chemchemi wala rangi ya chungwa. Upepo ulikuwa unatoka magharibi.

"Iliingilia huku," akasema, akinyoosha mkono juu ya nyasi.

Nikashuka, nikaandika mahali na saa, nikachukua kokoto moja nyeusi ya lava iliyokuwa kando ya barabara, nikaitazama chini ya lenzi. Ilikuwa na matundu matupu, madogo, mengi, mahali viputo vya gesi vilipokuwa.